Mlaji wa Marehemu Ilie

Kijijini Carpinei mtu akifa njaa haimwachi. Ana njaa siku anayozikwa, ana njaa kila Jumamosi ya wafu, ana njaa Pasaka na Krismasi, na ataendelea hivyo mpaka mwaka wa saba, ndipo kesi yake kule juu inapofungwa na yeye kuacha kuwasumbua walio hai. Katika miaka hiyo yote njia ya kumlisha ni moja. Unampa chakula mtu aliye hai, unataja jina la marehemu, yule mtu anasema "bogdaproste", yaani Mungu amrehemu, kisha anakula. Anachokula huyu kinamfika yule. Asipokula, hakifiki kitu, na marehemu atakuja ndotoni kudai chake.

Basi kila nyumba iliyofiwa na mwanamume humchagua mlaji, mmoja, amlie marehemu mpaka miaka itimie. Kwa kawaida huwa ni rika lake. Lakini Carpinei walikuwa hawachagui tena, walikuwa wanapanga foleni, maana wajane wote walimtaka Pantele.

Jina lake kamili lilikuwa Pantelimon Ciuca, mtu wa miaka hamsini na kitu, aliyekuwa mlinzi wa kiwanda cha mbao mpaka kiwanda chenyewe kikafa, tena bila mlaji. Alikuwa mnene kupita kiasi. Mizani ya zahanati ilipogoma walimpeleka kwenye mizani ya kinu, penye magunia ya mahindi, na mwenye kinu akamtania mwaka mzima akimwuliza anataka asagwe laini au asagwe wa mamaliga, ule ugali wa kwao. Pantele alicheka pamoja naye. Alikuwa amezoea kucheka pamoja nao.

Watu wengine walikula vya marehemu kwa adabu, vijiko viwili vitatu, halafu wakaomba wafungiwe vilivyobaki. Pantele alikula. Kabichi zilizoviringishiwa nyama, supu ya kuku, maharagwe, samaki siku za mfungo, mkate wa kusuka wenye mshumaa katikati, ngano tamu ya wafu yenye kokwa za jozi juu yake. Alikula mpaka bakuli likang'aa, jasho likimtiririka, na usoni ana furaha ambayo mjane hakuwa ameiona mezani pake tangu azike. "Ukimpa Pantele," walisema akina mama, "kinafika kikiwa moto." Na kwa kuwa ni desturi mlaji aondoke na chombo alicholia, nyumba yake ilijaa bakuli, sahani, vikombe na taulo za wanaume waliokufa, rafu juu ya rafu. Nguo tu ndizo hakuwahi kupewa. Kila marehemu wa Carpinei huacha koti la kugawiwa, na hakuna hata moja lililokubali kufungika kifuani kwa Pantele.

Alijiona anapendwa. Asijione kwa nini? Akipita njiani wanawake walitoka mpaka getini. "Pantele wangu, Jumamosi usile kwako, sawa?" Mkewe alikuwa ameondoka zamani, akisema hakuolewa aje kumlisha farasi. Mtu mpweke wa namna hiyo, ukimwita "wangu" kutoka mageti kumi, hatauliza maswali.

Jambo moja hakuwahi kumwambia mtu, kwa sababu hakujua kwamba ni jambo. Hakuwahi kushiba. Aliacha kula chakula kilipokwisha, au taya zilipochoka, au tumbo lilipouma. Aliamini kila mtu yuko hivyo. Aliamini watu wote wana njaa ile ile, tangu kuamka mpaka kulala, ila wao wana adabu na yeye hana. Hilo alifundishwa na mama yake. Mama yule alikuwa akifungia mkate kabatini, ufunguo akauvaa shingoni pamoja na msalaba, na majirani walipokuja aliwaambia mtoto akiwa pale pale, "Huyu si mtoto, huyu ni shimo." Pantele akakua akijua yeye ni shimo.

Kilichompeleka mjini kwa daktari ni kidonda cha kidole gumba cha mguu wa kushoto, kilichokataa kupona tangu kiangazi. Daktari Smaranda alikuwa mama mfupi mwenye sauti kavu, na alikuwa akila tufaha huku anasoma majibu ya damu.

"Bwana Pantelimon, wewe ukianza kula unakula mpaka lini?"

"Mpaka kiishe, daktari."

"Sifanyi utani."

"Hata mimi."

Daktari akaliweka tufaha mezani, nusu limeliwa. "Hujawahi kuacha chakula sahanini kwa sababu hukitaki tena?"

"Nisikitake vipi, nacho kipo?"

Daktari hakucheka. Akasogeza kiti chake karibu. "Nisikilize vizuri. Utumbo wa mtu unaongea. Chakula kikifika, unatoa homoni, zinapanda na damu, na kuna mshipa mrefu wa fahamu unaopanda kutoka tumboni, nao unapeleka habari: inatosha, acha. Kichwa kikisikia, mkono unasimama. Kwako habari inaondoka dhaifu, na kichwa kimekuwa kiziwi. Unene ukizidi, uziwi unazidi. Kichwa kinadhani unakufa njaa, kinakusukuma ule, ule, ule. Na kongosho lako, ambalo lingeambiwa na utumbo huo huo lishughulikie sukari, nalo halisikii sawasawa. Sukari imejaa kwenye damu na kidole kinaoza."

Pantele aliinama akautazama mguu wake wa kushoto. Kisha akauliza, polepole, kama mtu anayeogopa jibu, "Kwa hiyo si ulafi?"

"Ulafi ni neno la padri, mimi sina dawa yake. Hii nina dawa yake."

Ilikuwa sindano ya kujichoma tumboni, mara moja kwa wiki. Inabeba habari ile ile ya utumbo, daktari alisema, ila kwa sauti ya juu. "Na usiiache. Ukiiacha, njaa itarudi yote na sukari itarudi yote, na kidole hakitakungoja. Tutakata, na hatutaishia kwenye kidole. Tumeelewana?"

Walielewana. Wiki za mwanzo alitapika na kulaani. Halafu jioni moja ya Novemba, akiwa peke yake na bakuli la maharagwe, mkono wake ukasimama. Maharagwe yalikuwepo, kijiko kilikuwepo, na yeye hakuyataka. Aligeuka kutazama mlangoni, kana kwamba kuna mtu amemwita. Kulikuwa kimya. Ni kama friji kuukuu linavyozima ghafla jikoni, ndipo unatambua kwamba lilikuwa linanguruma muda wote. Pantele hakuwahi kujua kwamba maisha yake yote yalikuwa na kelele.

Alilia, na usidhani ilikuwa furaha. Alilia kwa hasira. Kumbe hiki ndicho walichokuwa nacho wenzake! Hawakuwa na adabu, hawakuwa na nguvu ya roho, walikuwa wanaambiwa tu. Kila siku, mara tatu kwa siku, kuna sauti iliwaambia acha, wakaacha, wakajisifu. Yeye ambaye hakuambiwa chochote akaitwa shimo. Asubuhi yake alipanda makaburini akasimama juu ya kaburi la mama yake, kofia kichwani, hakuivua. "Sikuwa shimo, mama," alisema. "Hukuniuliza hata mara moja." Akarudi nyumbani, na hakuwasha mshumaa.

Sasa tumseme Veta. Veta Stolojan alikuwa mjane wa Ilie, fundi mabomba aliyeanguka kutoka kwenye mti wake mwenyewe wa cheri na kuvunjika shingo, na Pantele alikuwa mlaji wa Ilie tangu siku ya maziko. Carpinei nzima hakuna aliyepika kama Veta. Lakini si hilo. Wajane wengine wakishampa bakuli waliendelea na shughuli zao. Veta alikaa mbele yake, kidevu kiganjani, akamtazama tangu kijiko cha kwanza mpaka cha mwisho, macho yamelainika, mdomo umefunguka kidogo. Pantele hakuwahi kutazamwa hivyo na mtu yeyote, si mama, si mke. Juu ya macho hayo alijenga nyumba nzima, akaipaka na rangi. Alijua hawezi kusema kitu Ilie akiwa bado anadai. Lakini mwaka wa saba ulikuwa unakaribia, karamu ya mwisho ingekuwa Jumamosi ya kabla ya Pentekoste, msimu wa cheri, na baada ya hapo mjane hana deni kwa mtu. Baada ya hapo angesema.

Majira ya baridi yalipita na Pantele akapungua. Mashavu yaliingia, shingo ikaonekana, kidonda kikaanza kukauka pembezoni. Alipokuja kwa Veta kwa Noeli, Veta alimzunguka kama anayekagua ng'ombe sokoni, akaingia ndani, akatoka na koti la Ilie, la sufu nyeusi, lililokaa sandukuni miaka yote hiyo kwa kukosa kifua.

"Hebu vaa."

"Halitanitosha, Veta."

"Vaa, bwana, usibishane na mwanamke."

Liliingia. Vifungo vilivutana kidogo, lakini vilifungika vyote. Veta alirudi nyuma, akamtazama, akafunika mdomo kwa aproni na kulia. "Jamani," alisema. "Jamani, lilivyomkaa." Pantele alirudi nyumbani kwenye theluji akiwa amelikumbatia koti kwa mikono miwili, na moyo wake ulikuwa wa kijana wa miaka ishirini.

Shida ilikuwa mezani. Vijiko vinne, vitano, na sauti ile mpya tumboni inamwambia inatosha. Aliaibika kusema. Akawa anaomba afungiwe, wanawake wakashangaa lakini wakafunga, na nyumbani chakula kikachacha. Mwishowe akawa anamwaga kwa mbwa. Mama Floarea, jirani yake, mwanamke mwenye shingo ndefu ya kuchungulia ua, alimwona mbwa akilamba bakuli la marehemu Dumitru.

"Pantele! Huyo mbwa anakula nini?"

"Mabaki tu, Mama Floarea."

"Mabaki! Hizo ni kabichi za Dumitru! Nimeziviringisha mwenyewe kwa mikono hii yenye baridi yabisi! Unamlisha mume wangu kupitia mbwa, wewe mpagani?"

Mpaka jua linazama kijiji kizima kilikuwa na habari. Pantele alijaribu kueleza, sindano, homoni, mshipa wa fahamu. Walimsikiliza kwa heshima ile wanayopewa walevi. "Basi sawa, umeshiba," alisema Mama Floarea. "Hongera. Lakini Dumitru hajachomwa sindano yoyote." Akamhamishia Dumitru kwa Nelu, dereva wa trekta, ambaye hakuwa na furaha ya Pantele lakini alimaliza. Wengine wakafuata, hata ambao hawakuwa na ruhusa ya desturi kubadilisha. Kwaresima yote Pantele alipita njiani na hakuna aliyetoka getini. Hakuna aliyemtukana pia. Walikuwa tu hawana haja naye, na alipoelewa hivyo alikaa kitandani akiwa na viatu, akizitazama bakuli kwenye rafu.

Veta hakumwacha. Pantele alijishikilia hapo. Wote wameniacha, yeye hajaniacha. Halafu wiki moja baada ya Pasaka Veta alikuja kwake asubuhi, kilemba kimekaa upande, na hakukaa.

"Amekuja," alisema.

"Nani?"

"Nani mwingine? Ilie. Kasimama pale getini, koti amevaa, vifungo vyote amefunga. Kaniambia, Veta, koti nimelipata, Mungu akubariki, huku kuna baridi kweli. Chakula kiko wapi?"

"Ni dawa, Veta. Nilikueleza. Sasa tumbo langu linasikika kichwani. Linasema limeshiba."

"Lako limeshiba. La Ilie je?"

Pantele angesema nini? Daktari alimweleza njia ya kutoka tumboni mpaka kichwani, hakumweleza njia ya kutoka tumboni mpaka kwa Ilie.

"Mpe Nelu," alisema, na kulisema hilo kulimuuma.

"Wewe nawe! Floarea anaweza kubadilisha, Dumitru bado mbichi. Mimi niko mwaka wa saba. Niliyeanza naye ndiye namaliza naye, la sivyo yote yanamwagika, miaka yote, kila sufuria niliyobandika. Atabaki na njaa milele. Na mimi nitabaki nimefungwa naye milele, unaelewa? Siwezi kwenda popote, siwezi kuanza kitu chochote."

"Na akishiba?"

"Akishiba niko huru." Akamshika mkono, kwa mara ya kwanza tangu wajuane. "Nimalizie, kaka Pantele. Karamu moja tu. Ule kama zamani."

Alisema kaka, alisema waziwazi, na Pantele hakulisikia. Alilosikia ni huru.

Sindano zilibaki kwenye mlango wa friji, nyuma ya haradali. Wiki ya kwanza ilikuwa nyepesi. Ya pili njaa ikaanza kubisha hodi, na baada ya hapo haikubisha tena, iliingia kama mwenye nyumba aliyefungiwa nje. Sasa Pantele aliijua kwa jina, na kujua kulikuwa kubaya zaidi. Zamani aliteseka akidhani ndivyo mtu alivyo. Sasa alikula mamaliga baridi akiwa amesimama, akijua kwamba kuna kimya mahali fulani, kwamba kiko nyuma ya haradali, na kwamba haruhusiwi kukigusa mpaka Pentekoste. Daktari alipiga simu. "Unachoma?" "Nachoma, daktari." "Mguu?" "Hauumi hata kidogo." Hilo halikuwa uongo. Mguu ulikuwa umeacha kuuma kwa sababu sukari ilikuwa imeua mishipa yake, nao pia haukuwa na namna ya kumfikishia habari. Kidole kilikuwa kimebadilika rangi ndani ya soksi na hakuna aliyemwambia Pantele. Koti la Ilie lilikatika kifungo, halafu cha pili.

Jumamosi ya karamu meza ziliunganishwa chini ya mcheri ule ule, maana Veta hakukubali ukatwe. Kila bakuli jipya la udongo lilifungwa tawi la cheri kwenye kishikio chake. Padri aliimba, akamwaga divai, akasema jina la Ilie kwa mara ya mwisho, na Veta akamwekea Pantele sehemu yake kichwani mwa meza: supu, kabichi, kuku mzima, maharagwe yaliyopondwa, mkate mkubwa kuliko kofia ya padri, ngano tamu bakuli zima.

"Kwa ajili ya Ilie," alisema Veta.

"Bogdaproste," alisema Pantele, akaanza.

Alikula kama hajawahi kula. Watu waliacha mazungumzo yao. Mama Floarea alipiga meza kwa kiganja. "Haya ndiyo mambo! Huyu ndiye Pantele wetu! Nelu, tazama ujifunze!" Wakacheka, wakamjazia, wakampiga mgongoni, "wangu" zikarudi kutoka kila upande, na Pantele, Mungu amsamehe, alifurahi. Mbele yake Veta amekaa, kidevu kiganjani, macho yamelainika, akimtazama. Kwa macho hayo angekula na meza. Alipofuta bakuli la mwisho kwa ganda la mkate, Veta alivuta pumzi ndefu, mabega yakamshuka kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Ametosheka," alisema. "Nimeona. Ametosheka."

Pantele alisimama ili aseme neno lake. Alikuwa amelitunza tangu majira ya baridi. Lakini mti ulizunguka, ulimi ulikuwa mzito na mkavu, na Mama Floarea alikuwa anamwelekezea kidole chini. "Pantele, una nini mguuni? Kiatu chako kimelowa. Na hiyo harufu, jamani, ni nini hiyo?" Akatazama. Hakuona maumivu yoyote, ndiyo maana alishangaa sana kabla hajaanguka juu ya bakuli za udongo.

Mjini walikata chini ya goti. Alipozinduka vizuri Daktari Smaranda alikuwa kando ya kitanda, na safari hii hakuwa na tufaha.

"Nilikuambia hakitangoja."

"Nilikuwa namlia mtu."

"Na huyo mtu ana miguu mingapi?"

"Amekufa, daktari."

Daktari alikuwa ameolewa kwenye vijiji vile, huenda na yeye alikuwa na bakuli zake. Akamchoma sindano mwenyewe, akamfunika shuka, akaondoka. Baada ya siku kadhaa kile kimya kilirudi tumboni kwa Pantele, na uji wa hospitali ukawa unabaki nusu. Chumba kilikuwa na mgonjwa mwingine mmoja, Gligor, fundi paa mwembamba aliyevunjika nyonga, mtu wa kulalamika. Alilalamikia supu, alilalamikia mto, alilalamikia njaa.

Veta alikuja Ijumaa. Pantele hakumtambua mlangoni, kwa sababu gauni lilikuwa la buluu. Alikuwa amezoea nyeusi. Alikuwa amechana nywele, na mkononi ana kikapu.

"Pole, kaka. Pole sana." Akakaa ukingoni mwa kitanda, upande usio na mguu, palipokuwa na nafasi. "Nimekuja kukushukuru. Amekuja mara moja tu, usiku ule wa karamu. Hakuingia. Kanipungia mkono, katabasamu, kapanda zake barabara. Miaka yote hiyo, Pantele! Nimelala kama mtoto."

"Kwa hiyo uko huru."

"Niko huru. Jumatatu naondoka. Binti yangu aliyeko Italia ameniita tangu alipojifungua, ningeendaje, nani angempikia Ilie? Sasa nakwenda. Nyumba nimempa Nelu ataitunza." Alisema hayo uso unang'aa. Hakuwa anaficha chochote. Hakuwahi kumficha kitu, na hilo ndilo Pantele alilolielewa hapo, kwamba hakudanganywa, hata mara moja, na hivyo hakuwa na mtu wa kumlaumu. Neno lake alilimeza. Lilishuka vibaya kuliko chakula chochote alichokula kwake.

Veta akafungua kikapu. Akatoa bakuli jipya la udongo, limefunikwa kwa taulo jeupe, lina kabichi bado zinatoa moshi. Akatoa mkate wa kusuka. Pantele alitazama, na pamoja na yote, moyo mjinga ukainuka tena. Ilie amekwisha kula. Hakuna marehemu mwingine kwenye nyumba ile. Basi bakuli hili halina mwenyewe zaidi ya yeye. Maisha yake yote hakuwahi kupewa sahani na mtu ambaye hakutaja jina la mwingine. Alingoja.

Veta akachomeka mshumaa katikati ya mkate.

"Hii ya nani?" aliuliza Pantele.

"Ya mguu wako," alisema Veta, kwa huruma ya kweli. "Umeshatangulia, maskini, peke yake, haujui njia. Nikasema usiende na njaa." Akamgusa shavu, akaangalia saa ya ukutani, akasema basi la mwisho litamwacha. Harufu ya sabuni yake ilibaki chumbani kidogo, kisha harufu ya kabichi ikaifunika.

Pantele hakuweza kula. Tumbo lilikuwa limesema limeshiba, na kichwa, sasa, kilikuwa kinasikia vizuri sana. Isitoshe mtu hajilii sadaka yake. Aliliangalia bakuli mpaka moshi ukaanza kupungua, akaogopa litapoa, akalisukuma kwenye meza ndogo iliyokuwa kati ya vitanda.

"Gligor, ndugu yangu, chukua. Kwa ajili ya mguu wa Pantele."

"Wa nani? Aa, sawa, wa yeyote yule. Bogdaproste!" Gligor hakuhitaji kubembelezwa. Alikula kwa pupa, mafuta yakimshuka kidevuni, akavunja mkate, akafuta mchuzi. Pantele alijigeuza kwa shida, akaegemea kiwiko, akaweka kidevu kiganjani. Akamtazama tangu kijiko cha kwanza. Akauona mguu wake, wa kushoto, mtupu, ukienda peke yake kwenye barabara yenye baridi, na kila Gligor alipomeza, mguu ulipata joto kidogo.

"Mbona unanitazama hivyo, bwana?" alisema Gligor, mdomo umejaa. "Utafikiri unataka kunichumbia."

Pantele akashtuka. Alijaribu kumwona mtu anayeongea naye na ikamchukua muda. Alikuwa na masharubu. Walilala chumba kimoja siku zote hizo, amemkazia macho bakuli zima, na ndiyo kwanza anagundua kwamba ana masharubu.

"Kula tu," alimwambia. "Kula kiishe."